Matoazi ya Maarten

Norsborg, Stockholm
Jumapili

Kwako Kaka Nathani,

Natumaini uko mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti la Mama limeacha kumsumbua. Mimi napumua. Nimevimba uso, meno mawili sina, na kesho saa nne nimeitwa polisi kueleza ni nani alianza.

Unajua nasafisha klabu moja ya jazi mjini. Alhamisi walikuja Waholanzi wanne: mmoja wa piano, mmoja wa tarumbeta, mama mmoja wa besi lile refu la kusimama, na Maarten wa ngoma. Walipokwenda kula mchana, nikaona matoazi yake yamekuwa meusi kama sufuria ya kuni. Nikaona aibu kwa niaba yake. Si ulitufunza mwenyewe kwenye bendi ya kanisa, kila Jumamosi lazima shaba ing'ae? Nikayasugua yote matatu kwa dawa mpaka nikajiona ndani.

Alirudi peke yake. Akagonga moja, akasikiliza, akagonga tena.

"Haya yalikuwa ya baba yangu!" akanipigia kelele kwa Kiingereza. "Ule weusi ndio sauti yenyewe! Umeiua, mpumbavu wewe!"

Akaipiga teke ngoma kubwa, akalirusha toazi moja ukutani. Lakini mimi hakunigusa, Kaka. Hilo ulijue.

Hasira ilinipanda hadi kichwani. Nikashika kile chuma cha kusimamishia matoazi, nikampiga nacho mkononi. Mfupa ulilia, nikausikia. Nikampiga tena. Ndipo aliponivaa, akanilaza chini, akanitwanga ngumi kwa mkono uliobaki, damu ikanijaa kooni nisiweze hata kuita mtu. Wenzake walipoingia, yeye ndiye aliyekuwa juu.

Jana yule mama wa besi alinipigia simu. Daktari amesema mkono ule hautashika tena kijiti cha ngoma.

"Na Maarten anadai wewe ndiye uliyeanza," akaniambia. "Hakuna anayemwamini, hata sisi wa bendi yake. Usiogope."

Nikamwambia asante. Najichukia kwa asante ile kuliko hata kwa kile chuma.

Msalimie shemeji, na Mzee Amosi anayebeba ngoma kubwa ya kanisa. Mama usimsomee haya. Mwambie tu anitandikie kitanda changu. Nikishasema ukweli kesho, na wakishamalizana nami hapa, nitakihitaji.

Mdogo wako,
Elisha