Ngazi ya Lori la Chuo

Tatu, mdogo wangu,

Huko uliko lori halifiki, hata nikiliendesha mimi, na unajua hakuna barabara iliyonishinda kutoka hapa mpaka Ndola. Basi nimeandika. Darasa langu la nne unalijua. Ukiona makosa, yaache, usiyatie wino mwekundu kama ulivyozoea kujifunzia ualimu kwenye barua zangu.

Leo nimewarudisha wanachuo kutoka shamba la Ntalikwa. Mahindi yamefika kiunoni. Jembe lako kapewa mwingine. Nililitambua kwa kile kitambaa cha buluu ulichofunga mpinini, nikajifanya nakagua tairi mpaka macho yakauke.

Lakini nilitaka kukueleza lile jambo uliloniomba ukafa hujalipata.

Unakumbuka siku nilipovuta kanga ya rafiki yako Modesta akipanda lori? Nikamwambia, "Mtani, leo unalipa nauli." Yeye Msukuma, mimi Mnyamwezi, nikaona ni haki yangu. Akacheka. Nikatamba wiki nzima. Wewe ukaniambia jikoni, huku unachambua mchicha: "Kaka, amecheka kwa sababu funguo za lori unazo wewe. Angenuna, angekwenda shambani kwa mguu." Nikakuita mwalimu wa siasa. Hukucheka.

Ndipo mkaanzisha kikundi chenu, wasichana sita na wavulana watatu, mkikutana bwaloni baada ya chakula cha mchana. Nami nikakibatiza Chama cha Kuomba Ruhusa. Mlianzia kwenye lori langu, maana ni refu, na wasichana walikuwa wakipandishwa kwa kushikwa kiuno, na mikono mingine ikifika isikotakiwa. Mvulana wa kikundi akawa anasimama juu, anauliza, "Nikushike?" Msichana anajibu, "Mkono tu," au, "Niache, napanda mwenyewe." Na maneno yanaishia hapo. Mimi kwenye usukani nilicheka mpaka nikapiga honi bila kutaka.

Kisha yakaja ya mwalimu wa shamba. Yule kwake kila kabila ni watani wake, na utani wake wote uko mikononi. Wasichana walipolalamika, ofisini wakaambiwa ni utani tu, na tena nani aliyeona. Mimi niliona, Tatu. Kioo changu cha pembeni hakifichi kitu. Ukaja ukaniomba nikaseme. Nikakujibu, "Mimi dereva, natazama mbele." Ukaniuliza, "Na hicho kioo umewekewa uchanie nywele?" Nikacheka. Ukachukua kikapu chako ukaenda.

Alhamisi homa ikakushika. Jumapili tukakuzika.

Msibani watani wetu Wazaramo wa stesheni walikuja, kama desturi, watutanie tupumue. Bi Mwanahawa, mke wa yule fundi wa injini, akajifunga mtandio wako, akashika daftari, akapita mbele ya mikeka ya wanaume kwa mwendo wako ule wa haraka. Kila mwanamume anamnyooshea kidole: "Na wewe, umeuliza? Na wewe je?" Wazee wakacheka. Mama akacheka huku analia. Alipofika kwangu akainama, akasema kwa sauti yako kabisa, "Na wewe, kaka?"

Mimi, ambaye mtani hajanishinda kwa jibu kuanzia Kigoma mpaka Dar es Salaam, niliinamisha kichwa. Mtandio ulikuwa bado unanukia sabuni yako. Nikalia mbele za watu kama nimepigwa. Na baadaye nikaliona jambo moja. Bi Mwanahawa alitutania wote siku ile, na hakumgusa mtu.

Tulipoanua matanga nikaenda ofisini, na kikundi chako chote nyuma yangu. Nilianza na langu, la kanga ya Modesta, naye yupo pale anasikia. Halafu nikasema niliyoyaona kwenye kioo, moja moja, na siku zake. Mwalimu yule wamemwondoa shambani. Chuoni bado yupo. Kikundi wanasema hawajamaliza, nami nimewaambia wakinihitaji tena wanajua lori linalala wapi.

Modesta nilimwomba radhi. Hakucheka safari hii. Alisema, "Nimesikia, Dereva." Basi. Sikumdai zaidi.

Nimemchongesha seremala ngazi ya mninga, vidato vinne, inaning'inia nyuma ya lori. Hakuna wa kupandishwa tena. Leo Modesta alipopanda, mkono wangu ulitaka kutoka wenyewe kwa mazoea. Nikaurudisha mgongoni, nikasimama pembeni. Akapanda, akakaa mahali pako, nikafunga bodi la nyuma.

Nakuahidi, mdogo wangu. Ngazi nitaishusha mwenyewe kila safari. Kioo nitakitazama, na nikiona nitasema siku ileile, nisingoje mtu azikwe kwanza.

Lala sasa. Mungu akusikilize vizuri kuliko nilivyokusikiliza mimi.

Kaka yako,
Maganga