Spika kando ya dira

Jumanne, baada ya magharibi

Niwie radhi, daftari langu. Tangu Ramadhani sijakuandikia neno.

Mdogo wangu Habibu anataka muziki katika boti yetu ya kupeleka watu visiwani. Anasema abiria wanahamia boti zenye muziki, na ni kweli tunaondoka na viti vitupu. Leo nimekwenda Kariakoo kutazama spika za muziki huo.

"Shikamoo mzee. Unafungua disko?" aliuliza binti wa dukani.

"Marahaba. Ni za boti."

Aliimwagia spika kikombe cha maji huku ikiimba. Haikukatika! Nikamwuliza habari za chumvi, akanionyesha skrubu zisizoshika kutu. Nilivutiwa, sikatai.

Kisha nikatoa mfukoni dira ya boti, maana Habibu anataka spika ikae kando ya usukani, dira inapokaa. Nilipoisogeza karibu, mshale ukageuka.

"He! Mzee, umeiroga?"

"Ni sumaku iliyomo ndani ya spika, binti."

Akaichukua dira, akajaribu mwenyewe mara tatu, akicheka. Tukawa tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Mshale ulitulia tulipofika mlangoni.

Lakini boti yetu ni fupi. Nyuma kuna injini, nayo itaumeza muziki wote. Na mvua ikifunga, hatuoni ufuko. Tunaitegemea dira hiyo kuwarudisha watoto wa watu.

Habibu atasema naogopa. Naogopa, ndiyo.

Kesho tutapima pamoja botini. Tukishakata shauri, hata kama ni kubaki na viti vitupu, nitaliandika hapa.