Neno "Walida"

Ibra, Jumatano, 25 Novemba 1998

Kwako nafsi yangu, baada ya salamu: nakuandikia kuhusu ombi la kumleta Mama huku Arabuni kutoka Unguja, ambalo leo limekubaliwa.

Karani, Mzanzibari mwenzangu, alinipa mkono. "Hongera, Bwana Salim. Sasa lete cheti chako cha kuzaliwa chenye jina lake, tumtolee viza."

Cheti changu kina jina la marehemu dada yake Mama, aliyefariki siku aliyonizaa. Mama ndiye aliyenilea. Kwenye fomu ya ombi ningeandika "khala", angejulikana kuwa ni mama mdogo. Mimi nikachagua "walida", neno fasaha, nikasahau kwamba maana yake ni mzazi hasa.

Nilimpigia Mama simu. "Kuku nishawagawa," alisema. "Jogoo nimempa Bi Mwanaisha, kelele zao zinalingana."

Nilicheka, nikashindwa kumweleza. Kulisahihisha neno hilo ni kuanza ombi jipya, nalo laweza kuchukua mwaka, naye kifua chake...

Afisi itafunguliwa tena Jumamosi, baada ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Nafsi yangu, naomba uniamulie kabla ya hapo: niende nikaandike kwa mkono wangu kwamba huyu si mama yangu, au nisiende.