Shangazi Minza, Virungu Vile Havikutoka Nairobi

Shangazi Minza,

Nyumbani, kwa kilugha chetu, tulikuita Sengi, na nikiandika "Shangazi" naona kama namwandikia mtu mwingine. Lakini barua zetu zote tangu niko chuo cha ualimu zilikuwa za Kiswahili, basi na hii iwe hivyo hivyo.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike pale Ngulyati. Siku ile mimi ndiye niliyesoma wasifu wako, maana mwalimu wa ukoo ni mimi. Nilisoma kwamba ulikuwa mkulima wa pamba, mfumaji wa vitambaa vya meza, mama wa Kabula, na mlezi wa mtoto wa kaka yako tangu ana miaka sita. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anasoma. Nikakunja karatasi, nikakaa. Kuhusu virungu vya kupigia marimba sikutamka neno. Waimbaji wangu wa kwaya ya parokia walinitazama, nami nikajifanya natafuta miwani.

Sasa nataka kusema, hata kama nimechelewa.

Unakumbuka marimba ya parokia ilipokuwa mpya? Fundi aliichonga vizuri, ila sisi tuliipiga kwa vijiti vyenye mpira mtupu wa tairi kichwani. Baada ya Misa ulinifuata mlangoni. "Masunga, mnaimba au mnaua nyoka?" Nilicheka mpaka nikaona haya. Wiki ile ile ukanipeleka gulioni, kwenye mitumba. Nguo zilikuwa zimemwagwa chini, watu wanagombania makoti na suruali za kuendea kanisani, wewe unagombania masweta yaliyotoboka. Ulivuta uzi, ukaupitisha kwenye midomo, ukauachia. "Huu plastiki, unateleza." Ukavuta mwingine. "Huu ni sufu kweli. Utashika." Muuzaji akakuuliza kama unanunua sweta au unalionja.

Uliyafumua masweta yote, ukachukua fito za mti wa mkole nilizokukatia, ukazungushia uzi juu ya vipande vya mpira. Ndipo uliponifundisha kuchagua. Mbao pana, zenye sauti nzito, zinataka kichwa kikubwa, uzi tabaka juu ya tabaka bila kukazwa, ukibonyeza kwa kidole gumba unazama kidogo. Mbao fupi za sauti ya juu zinataka kichwa kidogo, uzi umevutwa mpaka unalia. "Usitafute kirungu kimoja cha kupiga zote," ulisema. "Hakipo."

Nilikusikia. Kisha nikaenda kukitafuta.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipofunguka. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalianza kuingia vijijini, maduka ya Bariadi yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Tulikuwa tumetoka kupanga foleni ya sabuni, Shangazi. Kitu kikiwa na boksi tulikiona kitakatifu. Nami nikiwa Mwanza kwa semina nikaona dukani virungu vinane vya uzi wa bluu unaong'aa, nikavinunua bila hata kuvibonyeza. Vyako nikavitia kwenye gunia, nikalisukuma nyuma ya kabati la kanisa. Niliwaambia waimbaji, "Sasa tumeendelea."

Tukavipiga. Vyote vilikuwa na ukubwa mmoja, vigumu kama kokwa. Mbao za chini, zile ulizosema zinanguruma kama fahali aliyeshiba, zikatoa mlio wa kugonga mlango. Nikarudi kwenye gunia nikakuta panya wamemaliza sufu yako. Zilibaki siku tatu kufika sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, na mgeni alikuwa padre mwalimu wa muziki kutoka Mwanza.

Nilikuja Ngulyati kwa baiskeli. Hukunilaumu. Uliuliza tu, "Vinane?" Ukalifumua sweta lako mwenyewe, lile la kahawia la kuvaa asubuhi za baridi. Nililiona likipungua mapajani mwako na sikukuzuia. Ulipomaliza nikakuomba jambo moja zaidi. Nilitaka uufumue ule uzi wa bluu wa dukani, uuzungushe juu, mara moja tu, ufunike sufu yako.

"Kwa nini?"

"Vipendeze, Shangazi."

Ulinitazama kidogo. Ukachukua sindano ukashona bluu juu ya kahawia, kwa ulegevu ili usiharibu sauti. Hata katika uongo wangu ulijali sauti.

Siku ya sikukuu marimba iliimba kuliko tulivyoimba sisi. Kabla ya chakula padre akachukua kirungu kimoja, akakigeuza, akakibonyeza kwa kidole gumba kama wewe. Akasema amezunguka kote kutafuta mtu anayejua kuzungushia uzi namna hii, kwa ajili ya kwaya anazofundisha. "Nani kavitengeneza?"

Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka kwetu, pekupeku, beseni mkononi na jagi la maji, unanawisha wageni. Kanga yako ilikuwa na kiraka. Naandika hili kwa sababu ndilo nililoliona wakati ule, kile kiraka, na nikaona aibu kukuonyesha kwa kidole. Nikasema, "Nimeviagiza Nairobi, Padre."

Maji yalisimama kwenye jagi. Kisha yakaendelea kutiririka. Ulimnawisha padre, ukamnawisha katibu wa kanisa, ukafika kwangu. "Nawa, mwanangu," ulisema. Nikanawa.

Hukuligusa jambo hilo hata mara moja hadi unakufa. Mimi nilipunguza kuja. Nilikutumia masweta kwa watu wanaopita, wewe ukarudisha virungu vimefungwa kwenye gazeti. Ulipolazwa nilikaa kando ya kitanda chako jioni tatu, na kila mara neno lilipofika kooni nilizungumza habari za mvua. Ya nne sikuwahi.

Sasa virungu vinachakaa. Nimejaribu kuzungusha mwenyewe. Vya chini vinakuwa vigumu, vya juu vinavimba kama mandazi. Juzi Jumamosi, mazoezini, nilisimamisha wimbo katikati. Niliwaambia waimbaji wote, na Kabula akiwa safu ya mbele, kwamba Nairobi sijawahi kufika wala kuagiza kitu, kwamba kazi ilikuwa yako, na kwamba nilikukana ukiwa unanisikia. Nilitegemea mshangao. Hapakuwa na mshangao, Shangazi. Walitazama chini. Kabula ndiye aliyesema, bila hasira, "Mwalimu, tulijua sote. Nani hapa hajui mkono wa mama? Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Miaka yote ile nilisimama mbele yao nikipunga mikono, na kila mmoja alijua.

Kabula ana mkono wako. Ameanza na viwili, vya mbao pana, nami namshikia uzi, kwa kuwa hilo naliweza. Nimemwandikia padre yule, kupitia anwani ya zamani. Nimemweleza aliyetengeneza virungu alikuwa nani, alikuwa amesimama wapi siku ile, na nani aliyemficha. Pengine amehamishwa, pengine hayupo tena. Barua imekwenda.

Ungeniambia nisijitese. Ndiyo maana nilikuwa naogopa kukuambia, nilijua utanisamehe haraka kabla sijaonja uchungu wake. Niache niuonje.

Wabeja, Sengi, asante. Pumzika. Ninakuahidi hili: Jumapili ya kumaliza msiba nitasoma wasifu wako upya, mbele ya ukoo na parokia, na safari hii nitausoma wote.

Mwanao,
Masunga