Kiti Kilichobaki Kitupu Siku ya Mahari Yako

Mpendwa binti yangu Kagendo,

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba nina usonji. Nimezaliwa nao, lakini jina lake nimelijua mwaka jana tu, nikiwa na miaka sabini na tisa. La pili nitalifikia kabla mkono haujachoka, maana ndilo lililokuzuia kukanyaga hapa Nkubu kwa miaka kumi na moja.

Daktari wa moyo ndiye aliyeanza. Aliona kola ya shati langu imekatwa lebo kwa wembe, akauliza, "Mzee, lebo imekukosea nini?" Nikamjibu kwamba ikinigusa shingo siwezi kufikiri. Hakucheka. Alinituma kwa mwenzake kule Kinoru, mama mmoja mpole aliyenihoji asubuhi mbili nzima. Alipomaliza alilitamka hilo neno kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. Mimi nikamwomba aniandikie, nilichukue nyumbani.

Unakumbuka githeri ya mama yako? Mahindi sufuria yake, maharagwe sufuria yake, na wageni wanaambiwa mwalimu ana vidonda vya tumbo. Siku moja, ukiwa na miaka sita, ulimuuliza mbele ya mke wa mchungaji, "Mama, vidonda vya baba vinajuaje kwamba chakula kimechanganywa?" Mama yako alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Sijawahi kuwa na vidonda vya tumbo. Yeye alinijua bila daktari, na alikufa akiwa bado ananifunika.

Darasani niliweza. Kuna kengele, kuna ubao, kila somo lina saa yake. Watu walinisifu kwa nidhamu. Nje ya lango la shule ndipo nilipokuwa nikizama, na hakuna aliyeona.

Baba yako mdogo Mutwiri alikuja juzi. Nilimwonyesha karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili, akaangalia mlango.

"Hii tuiweke, Mwalimu. Watu watasema ukoo wetu una wazimu."

"Waseme."

"Na wajukuu wataolewa na nani?"

Nikamwambia ukoo nimeutunzia heshima yake maisha yangu yote, na sasa imetosha. Sina wazimu. Sina laana, na sitaki kuombewa nipone. Nimeinakili barua hii na nakala nimempa yeye, aisome mbele ya wazee wote waliokaa uani kwetu siku ya mahari yako. Asipoisoma, nitabebwa niende nikaisome mwenyewe.

Sasa nizungumze juu ya Njeru, aliyekuja kukuposa. Kabla ya mahari alikuja peke yake kutoka kwao Gachoka, huko Mbeere, na mtungi wa asali. Alinikuta nikipogoa kahawa. Alichukua msumeno wa pili, akaanza mstari wa pembeni. Tulifanya kazi mpaka saa saba, hakuna aliyesema neno. Akiaga alinawa mikono, akaniambia, "Asante kwa mazungumzo, Mwalimu." Hakuwa ananidhihaki. Nilibaki nimesimama kwenye kahawa nikiwaza kwamba mtoto wangu atakuwa salama.

Halafu siku yenyewe ikafika. Watu wa Gachoka waliimba langoni, shangazi zako wakawajibu kwa vigelegele, na mtu akawasha kipaza sauti kilichokuwa kinapiga miluzi. Kiti changu kilikuwa kitupu katikati ya wazee. Unajua desturi yetu: baba asipoketi, hakuna neno linaloanza, na kiti kitupu maana yake amekataa. Walingoja mpaka jua likageuka. Kisha nikamsikia Mutwiri akisema kwa sauti, "Mwalimu amekataa, na amefanya vizuri. Msichana wa Meru aende kula uji wa mtama kwenye jua la Mbeere?" Watu wakacheka. Wageni wakafungua kamba za mbuzi wao, wakarudi navyo vyote walivyoleta. Ukaondoka nao, na hukugeuka.

Nilimwacha Mutwiri anisemee. Watu walinipa mkono sokoni kwa msimamo wangu, nami nikaupokea. Niliona afadhali nijulikane kama baba anayedharau Wambeere kuliko baba anayeogopa kelele. Kwa jinsi nilivyoumbwa siombi radhi kwa mtu yeyote. Kwa uongo huo nakuomba wewe radhi, na Njeru, na mama yake aliyepanda gari akilia.

Daktari hanipi muda mrefu. Ukija, njoo naye. Misumeno yote miwili bado ina makali. Usipokuja, kaa vizuri, mama, na umsomee haya yanayofuata, kwa maana ni yake pia.

Sikumkataa. Nilikuwa ndani ya ghala la mahindi, hatua chache nyuma ya kiti changu, nimeziba masikio kwa pamba, nimeshika mlango bila kuweza kuufungua, na bado nilimsikia Njeru akiniita baba.

Ni mimi,
Baba yako