Mpaka Ulitoka Vizuri, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu anayeshindwa kuamkia wakubwa kwa sababu ya hasira hana malezi. Hasira ninayo, tena nyingi, na sehemu kubwa yake ni yako.

Leo nimetoka baraza la kata. Ile kesi ya kipande cha shamba la midalasini imesikilizwa. Tangu tukuzike, mtoto mkubwa wa Mzee Gaspari amekuwa akidai kwamba shamba lao linapanda hadi njiani, na kwamba masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, tumeyapanda sisi juzijuzi ili tuwaibie. Unajua kile kipande ni nini kwa mama. Kahawa ilishamchosha, ndizi zinaliwa na nyani, midalasini ndiyo inayompa sukari, sabuni na nauli ya kwenda hospitali. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na wewe kaka yake ndiye uliyekuwa ukuta wake. Ukuta ulipoanguka, majirani wakaanza kuchungulia.

Ushahidi wetu ulikuwa picha moja tu, ile niliyokupiga shambani Kinole, huko mlimani.

Unakumbuka kipaimara cha mdogo wangu Yustina? Nilikuwa ndiyo kwanza nimenunua kamera, najiona fundi wa mji mzima. Niliwapanga ukoo mbele ya kanisa mistari minne, nikapiga, nikasafisha picha kubwa nikaileta kwa mbwembwe. Ukaivaa miwani, ukaitazama, ukaniuliza kwa upole wako ule wa kuchoma, "Hawa wa mstari wa nyuma wamekufa lini?" Mama zangu wadogo wote walikuwa wametoka kama moshi wa jikoni. Mama mdogo Rosta alisusa kula siku ile. Mlinicheka mpaka nikakimbilia nyuma ya nyumba kulia, nawe ukanifuata, ukanipa kipande cha muwa, ukasema kosa la kwanza ni ada ya shule.

Ndipo nikaweka ile programu kwenye simu. Nilikueleza mara nyingi, nawe ukajifanya huelewi ili nirudie. Unaiambia una lenzi gani, umefungua tundu lake kiasi gani, na kitu unachokilenga kiko umbali gani. Nayo inakujibu kwamba picha itaonekana wazi kuanzia hapa hadi pale. Kilicho nje ya hapo kitatoka ukungu. Uliniambia, "Yaani macho unayo mawili, na bado unaiuliza simu unaona nini?" Lakini kila niliyempiga picha za mahafali pale chuoni Mazimbu, na wazazi wake na shangazi zake wamejaa nyuma, alizipokea bila kununa. Nikaiamini simu ile kuliko ninavyowaamini watu wengi.

Siku uliyonipigia simu nipande mlimani, sauti yako ilikuwa imekauka. "Njoo na kamera. Kamera hasa, sio hiyo simu." Nilikukuta umevaa koti zito, jua likiwaka. Nikajua unaumwa. Hukuniruhusu hata kuuliza. Ulishika njia ya shambani ukipumzika kila baada ya hatua chache, ukajifanya unakagua mihogo ya watu.

Ulikaa kwenye lile jiwe dogo kando ya njia, ukalishika sale la kwanza kwa mkono, kama wazee wanavyofanya wanapoonyesha mpaka. Chini yako masale mengine yakashuka mteremko, moja baada ya jingine, hadi kwenye jiwe kubwa la mtoni. Ulitaka vyote viwe kwenye picha moja: mkono wako, mstari wote na lile jiwe. "Picha ya nusu mpaka ni picha ya majani," ulisema.

Nilitoa simu, nikapima. Kwa tundu nililokuwa nimefungua, picha ingeanza kuwa wazi karibu mita nne kutoka niliposimama. Wewe ulikuwa kwenye mita mbili. Kurudi nyuma sikuweza, kisigino changu kilikuwa tayari kwenye ukingo wa korongo. Kubana tundu zaidi kungesaidia, lakini tundu likibanwa kamera hutaka mwanga mwingi au muda mrefu, na ukungu ulishaanza kushuka kutoka juu. Muda mrefu nao usingefaa kitu. Mkono wako ulikuwa unatetemeka hadi lile sale likawa linacheza.

"Mjomba, hapo ulipo wewe utatoka ukungu."

"Na mpaka?"

"Mpaka utatoka wote, mpaka kule kwenye jiwe. Ila nikikulenga wewe—"

"Mama, sikia. Piga mpaka. Mimi huku nani asiyenijua?"

Uliniita mama, kama ulivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa sababu nilipewa jina la bibi. Sikuwa na ubavu wa kubishana na neno lile. Nililenga sale la tatu, nikazuia pumzi, nikapiga. Nilipokuza picha kwenye kioo cha kamera, niliweza kuhesabu majani ya sale la mwisho. Wewe ulikuwa kivuli chenye koti.

Nikasema, "Sasa moja ya kwako peke yako." Ukavua kofia, ukajifunika nayo uso. "Sura hii ya ugonjwa isibaki. Nikipona utanipiga mpaka uchoke." Nilikubembeleza, nikanuna, nikakuita king'ang'anizi. Ulicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma hadi tulipofika nyumbani. Hukupona, Mjomba.

Basi leo. Mwenyekiti wa baraza ni mama mmoja aliyeolewa huku kutoka upande wa Mlali, mtu wa haki lakini si mzaliwa. Aliishika picha kwa adabu. Mtoto wa Gaspari akasimama, amechomekea shati, akaongea kama wakili.

"Mheshimiwa, mimi sibishani na masale. Nauliza, huyu aliyeyashika ni nani? Sura haipo. Huyu anaweza kuwa kibarua yeyote aliyelipwa akae pale. Mpiga picha ni mtaalamu, ana mitambo hadi kwenye simu. Majani ya kule mtoni yanaonekana, mtu wa hapa mbele haonekani? Ni kwa nini?"

Watu wakaguna. Mama akaniangalia. Nikasimama kueleza habari ya tundu, umbali na ukungu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba nafanana na mtu anayedanganya. Wewe ulisema nani asiyekujua, na mbele yangu alikaa mtu aliyekuwa na kalamu na asiyekujua.

Mwenyekiti akanikatisha. Akampelekea ile picha Mzee Gaspari, aliyekuwa amekaa kando ya mwanawe. "Mzee, wewe umeishi nao. Huyu unamfahamu?"

Mtoto wake akamwinamia haraka, "Baba, sema huoni." Tulimsikia wote.

Mzee Gaspari aliisogeza picha mbali na macho, akairudisha karibu. Mama alinishika mkono hadi ukauma. Nilimchukia yule mzee wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Neno moja tu, "simjui," na midalasini ingekwenda.

"Anaumwa," alisema.

"Nani anaumwa, mzee?"

"Pius. Si huyu hapa? Hapa alikuwa ameshaanza kuumwa. Tazameni bega lilivyoanguka." Akainua kichwa, akanitazama mimi, si mwenyekiti. "Mbona hamkunitumia mtu? Tumeimba besi pamoja kwayani tangu ujana wetu. Kesi ni kesi. Ila mtu anaumwa, anakaa kwenye baridi namna hii, na mimi niko hapo ng'ambo nachoma mahindi?"

"Baba!"

"Niache, bwana."

Mwenyekiti akaandika. Mpaka unabaki pale ulipouonyesha. Mama akaanza kulia, wenzetu wakapiga vigelegele, na mimi nilibaki nimesimama kama niliyepigwa kofi.

Tumeshinda, Mjomba. Nakushukuru, na nimekukasirikia vibaya sana. Kwa sababu yule mzee aliniuliza swali mbele ya watu, nami jibu nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza: ni wewe uliyetukataza. Kitandani ulituapisha kwamba Gaspari asijue unaumwa, asije akapata la kufurahia, akaanza kunyemelea shamba. Ulimdhania hivyo mpaka ukafa.

Wakati tunatoka alinisubiri mlangoni akaomba nimsafishie nakala. Nilimwambia humu huonekani sura, nitamtafutia nyingine. Akasema hapana, anataka hiyo hiyo. Kesho asubuhi nampelekea nyumbani kwake, na nitamwambia ukweli wote, hata kama kiapo kitanirudi.

Pumzika, Mjomba wangu. Ukinilaumu, nilaumu ukiwa umelala.

Mimi mpwa wako,
binti wa dada yako.