Sombe ya mama

Divine, nimetwanga majani ya muhogo; sombe ya mama iko kwenye sufuria ndogo. Bugali usizidi ngumi moja. ~~Akikataa, mlazimishe.~~ Akikataa, usibishane naye.

Asubuhi nilimweleza niliyosoma: kwa mwenye kisukari, chakula kibaya kinachochea uvimbe ndani ya mwili, chembe hai zake zinazeeka mapema, na kidonda kama chake kinakawia kupona. Alinisikiliza hadi mwisho.

«Wakati ya vita tulikula majani mu pori miezi saba, bila chumvi. Wewe ulikuwa ku mugongo. Niliapa sitayala tena. Sasa njo wewe, mutoto yangu, unaniletea majani na kitabu!»

Nimeenda madukani Mikelenge kutafuta bandeji za mguu wake. Chai ameshakunywa. Sukari nilimtilia mimi mwenyewe, vijiko vitatu.

Yaya wako, ndugu yako mkubwa